Kaburi la Dzombo

Pola Thoya aliingia kwenye kazi ya kuchimbua mambo ya kale kwa bahati tu. Alikwenda kuomba upishi, akashikishwa chekecheke la kuchungia udongo, na tangu hapo hakuliachia. Viganja vikaota sugu, naye akazoea kupiga magoti kutwa akikwangua udongo kwa mwiko wa mwashi, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

Mwaka huo walikuwa kwenye msitu wa serikali nyuma ya Msabaha. Ilitakiwa ifyekwe njia ya kuzuia moto, na kabla ya trekta kupita, kikosi chao kitazame kilichozikwa chini. Mkuu wao alikuwa Nidhi, mzaliwa wa Malindi, binti wa muuza vitambaa.

Asubuhi moja Pola alifukua mafiga matatu meusi kwa masizi, na kando yake kipande cha bakuli la bati lenye maua.

"Haya ya juzi tu," Nidhi akasema. "Tuyapige picha, tuendelee. Sisi tumetumwa vya kale."

Pola hakubisha. Lakini jioni, akichambua mchicha na shangazi yake Sidi, alilitaja lile bakuli. Bi kizee akaacha mboga.

"Maua ya rangi gani?"

"Buluu, shangazi."

"Mnachimba karibu na kile kidimbwi?"

"Juu yake kidogo."

"Hapo ni kwetu," Sidi akasema. Kisha akaeleza jambo ambalo nyumbani halikuwahi kutajwa: serikali ilipowahamisha kutoka msitu huo, yeye akiwa msichana, walimwacha nyuma mdogo wake Dzombo, kitoto kichanga kilichozikwa wiki iyo hiyo. Mama yao alikatazwa kurudi, akafa na uchungu huo.

Kulipokucha wakaenda wote wawili. Nidhi akamwamkia Sidi shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kazi na isimame. Tuonyeshe, mama."

Sidi akatembea huku na huku. Palipokuwa uwanja pameota miti, njia zote zimefutika. Mwishowe akaketi chini akalia. "Nimempoteza tena."

Pola akachutama mbele yake. "Shangazi, mlimzika upande gani wa nyumba?"

"Upande wa jikoni. Jua linakotoka."

Pola akarudi kwenye yale mafiga. Hakuchimba, alifagia majani, akawa anakwangua mchanga mwekundu juujuu, akisogea kuelekea mashariki. Adhuhuri ilipopita, mwiko ukafichua doa lililokolea, lenye pembe nne, urefu wake haufiki mkono wa mtu mzima. Pale udongo uliwahi kufunguliwa na kurudishwa. Alitamani aendelee, ahakikishe. Akauweka mwiko chini.

"Shangazi, njoo."

Sidi akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya lile doa. Hakulia tena.

"Mfunikeni," akasema. "Alikuwa mtoto wa kusikia baridi."

Wakamfunika kwa mikono, Nidhi naye akiwamo. Siku ile ile Nidhi akalichora kaburi kwenye ramani, akaenda mwenyewe kuwaomba watu wa misitu waipindishe njia yao. Walinung'unika, lakini wakaipindisha.

Njiani kurudi, Sidi hakunyamaza: nani alilima wapi, nani aliogopa nyani, mama yao alivyokuwa akiimba akitwanga. Pola alipunguza mwendo ili wasifike upesi.