Shule Isiyogawa Pointi

Papa alikuwa na sentensi moja kuhusu shule yangu, na aliirudia mpaka majirani wetu wa Mapendo wakaijua kwa moyo: "Kule hawagawe pointi sawa na maharagi." Aliisema nje ya kanisa baada ya misa. Aliisema kwa madereva waliotuletea magunia kutoka Kiwanja, watu waliochoka na barabara, ambao hawakuwa wameuliza chochote. Na mambo ya kugawa maharagi aliyajua, maana ndiyo biashara yake. Mteja akinunua kopo moja, papa hulijaza mpaka maharagi yaanguke pembeni, kisha anatupia konzi nyingine juu, na akiombwa tena anaongeza tena. Mkono wake haujui kubana. Lakini kwa masomo ya mtoto wake alitafuta watu wenye mkono mgumu, akawapata, na akawalipa vizuri.

Ilikuwa shule ya binafsi, yenye ukuta wa mawe meusi na geti lililopakwa rangi kila mwaka. Kuingia tu ilikuwa mtihani. Prefe, ndiye mkuu wa shule, alivaa tai hata siku za mvua, na kila mwisho wa mwaka, siku ya proklamasyo, alisimama mbele ya wazazi wote kusoma matokeo kwa sauti. Kabla hajataja jina hata moja alikuwa na tangazo lake. "Mwaka huu tena," alisema, "hakuna mwanafunzi aliyefika septante." Hakuna aliyefika asilimia sabini, yaani. Na wazazi walipiga makofi. Hebu fikiria. Watu wazima, wamevaa vitenge vya sikukuu, wanapiga makofi kwa kuwa hakuna mtoto wao aliyefaulu vizuri. Papa alipiga kuliko wote.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Sisemi hivyo kwa kujisifu, sifa zenyewe zilishaniishia. Mwaka wa tano nilikuwa wa kwanza kwa asilimia 66, mwaka wa sita, ambao ndio wa mwisho, nilikuwa wa kwanza kwa 67. Prefe alipotaja hiyo 67 ukumbi ulinung'unika, kana kwamba nimemkaribia Mungu kupita kiasi.

Nikueleze walivyokuwa wanapima. Mwaka wa tano, kwenye ekzameni ya kabla ya Noeli, mwalimu wa fizikia alitupa swali la gunia linaloteleza kwenye ubao ulioinamishwa. Mimi nimekua kati ya magunia. Nimeyaona yakiteleza kwenye ubao kutoka juu ya lori tangu sijajua kusoma. Nililifanya swali hilo na mengine yote, na kopi, ile karatasi yangu ya majibu, iliporudi haikuwa na wino mwekundu mahali popote isipokuwa juu: 16 kwa 20. Nikaenda mezani kwake kumuuliza kosa langu liko wapi.

"Kosa hakuna," akasema, wala hakuinua macho. "Lakini nikikupatia vingt, ishirini yote, sasa hivi, mwaka kesho utatafuta nini hapa?"

Na mimi, zuzu, nilifurahi. Nilirudi kwenye benchi nikiona nimesifiwa. Jioni nilimsimulia papa, naye alicheka mpaka akafuta machozi, akasema huyo ndiye mwalimu. Kesho yake wateja wote wa depo, duka letu la maharagi, walikuwa wanajua.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kulikuwa na msichana wa umri wangu, rafiki yangu tangu tukiwa tunachezea kamba barabarani. Yeye alisoma shule nyingine, huko Murara, shule ya kawaida tu, ya vumbi na kelele, ambapo walimu waliandika 80 bila kutetemeka. Alikuwa anakuja kwetu na madaftari yake, tunakaa kwenye meza ya jikoni, namweleza fizikia na kemia. Hakuwa mjinga, tusimwonee. Alishika haraka, na alikuwa na bidii. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nashika kalamu. Mwisho wa mwaka wa sita alipata 84. Papa alipoambiwa alimpongeza kwa adabu, na msichana alipotoka akatikisa kichwa. "Pointi za bure hizo," akasema. "Maharagi."

Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja: udaktari. Sina hadithi ya kuhuzunisha ya kukueleza kwa nini. Mwaka wa nne mwalimu wa biolojia alileta moyo wa ng'ombe kutoka kwa muuza nyama, akaukata mbele yetu, na wenzangu wakafunika pua. Mimi nilisogea. Nilitia kidole kwenye ule mlango mdogo ambamo damu hupita, nikasikia jinsi unavyojifunga. Tangu siku hiyo sikutaka kazi nyingine. Na udaktari unaoheshimika kwetu ulifundishwa kwenye chuo kikuu kimoja cha binafsi, upande ule mwingine wa ziwa. Ukitaka kuingia lazima ufanye konkuru, mtihani wao wenyewe, na mimi mtihani haukuwahi kunitisha.

Kumbe mlango haukuwa konkuru. Kabla ya konkuru walichuja watu kwa buletini, yaani ripoti za matokeo, za miaka miwili ya mwisho, maana matokeo ya ekzameni ya Serikali hutoka wakati wao wameshafunga orodha. Na buletini zilitakiwa kuwa na septante. Septante, ile ile ambayo kwetu watu walipiga makofi kwa kuwa haikufikiwa.

Niliambiwa hayo mahali pa kupokelea dosiye, katika chumba kidogo karibu na benki, na kijana mmoja mtanashati wa hicho chuo aliyekuja Goma kukusanya maombi. Mbele yake kulikuwa na mafungu mawili ya karatasi. Alifungua dosiye yangu, akaenda moja kwa moja chini kulia, kwenye asilimia.

"Soixante-sept," akasema, ile 67 yangu. "Haifike."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayejua ana haki: kwamba shule yetu ni ngumu, kwamba nilikuwa wa kwanza, kwamba kule septante haipo. Alinisikiliza vizuri, hilo sitamnyima. Akasema, "Sawa, mama. Leta barua ya prefe yenye kusema hivyo, tutaangalia."

Nilitoka pale nikiwa na matumaini, na papa akasema tutaenda wote. Akavaa koti lake la misa na kofia. Prefe alitupokea vizuri, akaagiza tuletewe soda. Barua alikubali palepale. Aliandika kwa mkono wake, maandishi mazuri, yamelala yote upande mmoja, kwamba mimi nilikuwa wa kwanza wa darasa miaka miwili mfululizo, mwanafunzi bora kuliko wote. Alipokuwa anatafuta muhuri, papa alishusha kofia mapajani. Sijawahi kumsikia papa akiongea kwa sauti ndogo namna ile, yeye ambaye hupatana bei na wenye malori wakiwa upande wa pili wa barabara.

"Bwana prefe," akasema, "haiwezekane kumuongezea tu zile chache? Mutoto ameteseka."

Prefe alipata muhuri wake. Akaupuliza, akaugonga kwenye barua, akamtazama papa akitabasamu.

"Papa, si ni wewe mwenyewe unasemaka hapa hatugawe pointi sawa na maharagi?"

Sentensi ilikuwa imetembea mji mzima mpaka ikafika kwenye ile ofisi. Papa alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Akavaa kofia yake. Tulimaliza soda kwa sababu ilikuwa aibu kuziacha, tukatoka na barua.

Kijana wa chuo aliisoma yote, mpaka kwenye muhuri. Kisha akasema jambo ambalo nalisikia hata leo nikiwa naosha vyombo. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayepiga hesabu.

"Kama wa kwanza iko na soixante-sept," akasema, "basi hiyo kalasi ilikuwa zaifu."

Kile kitu tulichokuwa tunakipigia makofi ndicho kilikuwa kimesimama mbele yangu, na kilikuwa kinasema mimi ni mjinga. Aliiweka dosiye yangu kwenye fungu la kushoto. Kwenye fungu la kulia, juu kabisa, niliona picha ya rafiki yangu, na ule uso wake wa kujilazimisha asicheke.

Nilikasirika, na mpaka sasa nimekasirika. Watu wananiambia nisamehe, nasema sawa, halafu nakuta sijasamehe. Hawakunishinda kwenye konkuru, kushindwa ningekubali. Hawakuniacha niketi nifanye.

Rafiki yangu alifanya, akafaulu. Nilimsindikiza bandarini na begi lake jipya, na tulipokuwa tunasubiri boti akanisimulia maswali. Kwenye fizikia, akasema, walileta la gunia na ubao, lile tulilofanya kwenu jikoni, nililiona tu nikakumbuka mkono wako ukichora. Alikuwa ananishukuru, machozi yakimlenga. Nikamwambia uende salama, mama, na nilimchukia kweli, yeye ambaye hakuwa amenikosea kitu. Alinikumbatia sana. Nilirudi Mapendo kwa miguu, sikutaka kuketi nyuma ya pikipiki ya mtu na uso ule.

Ekzameni ya Serikali ilipotoka nilikuwa nimepata 78. Namba iliingia kwenye simu wakati napima maharagi, na mama niliyekuwa nampimia akanipongeza. Serikali, ambayo haikunijua wala kunitakia mema, ilikuwa imenipa kile ambacho walimu wangu walininyima kwa kunipenda. Lakini haikusaidia kitu. Ningengoja mwaka, ningengoja mitano, buletini zangu zingebaki zile zile, 66 na 67, za kwanza darasani. Papa akaniandikisha gestion, masomo ya uongozi wa biashara, kwenye taasisi moja hapa mjini. Nilimaliza, na sasa naendesha depo. Naiendesha vizuri. Wateja husema nina kichwa, na mimi najibu aksanti.

Shule nayo ikaanza kupungukiwa watoto. Wazazi si vipofu; waliona nani anapanda boti na nani anabaki, wakaanza kuhamisha watoto wao na kuwapeleka Murara. Papa hakumhamisha mdogo wangu wa kike. Alisema tulianza pale, tutamalizia pale, na hakutoa sababu. Sentensi yake ya maharagi hakuitaja tena tangu siku ya soda.

Mwaka huu mdogo wangu alimaliza wa sita, tukaenda proklamasyo. Prefe ni yule yule, mvi zimeongezeka, tai ipo. Akasimama, akatoa tangazo lake. "Wazazi, niveau ya shule imepanda." Kiwango, yaani. Kisha akasoma. Wa kwanza: 88. Wa pili: 87. Mdogo wangu alikuwa wa kumi na mmoja, kwa 76. Wazazi walipiga makofi, vitenge vile vile. Nilihesabu kichwani nikaona kwamba mimi, wa kwanza wa miaka miwili, kwenye ile orodha nisingetajwa hata mwishoni. Nilimtafuta mwalimu wa fizikia kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, anapiga makofi naye.

Wiki chache baadaye mdogo wangu alikuja depo na kopi zake, walizorudishiwa. Ana furaha ya haki yake, siwezi kumlaumu. Alisoma, na dosiye yake tayari imepokelewa upande wa kulia. Akazitandaza juu ya gunia ili nizione. Ile ya fizikia nikaitambua kabla sijaisoma. Gunia kwenye ubao. Mwalimu hakubadilisha hata namba. Mdogo wangu alikuwa amesahau msuguano wa gunia na ubao, kwa hiyo jibu lake la mwisho lilikuwa la uongo. Gunia lake lilishuka kama ubao umepakwa mafuta ya mawese. Mwalimu aliliona, maana alilipigia mstari mwekundu. Na juu aliandika 18 kwa 20.

Papa alikuwa anampimia mama mmoja. Kopo likabaki mkononi.

"Iko na kosa?" akaniuliza. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"Iko na kosa, papa."

"Na wamemupatia dix-huit."

"Wamemupatia."

Akaweka kopo chini. Mdogo wangu akaanza kukusanya kopi zake polepole, akitutazama mmoja mmoja.

"Na yako weye," papa akasema. "Ile ya wakati ule. Ilikuwa na kosa?"

"Haikukuwa na kosa."

"Walikupatia ngapi?"

Alikuwa anajua. Alikuwa amemsimulia kila mteja, kwa kicheko, kwa machozi ya kicheko. Nikamwambia hata hivyo. Seize, kumi na sita.

Papa alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Yule mama alikuwa anangoja na mfuko wake wazi.

"Kumbe pointi zilikuwako," papa akasema.

Nikamwambia ndiyo, papa, zilikuwako siku zote. Kisha nikaokota kopo, nikampimia yule mama maharagi yake, na nikamwongezea juu.