Shikamoo Aliyoitamani Barafu

Fundi majokofu waliyembandika jina la Barafu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kudadisi. Ukimwita, kabla hajashika bisibisi atakuuliza nyama hii imetoka wapi, imesafiri siku ngapi, na ya nini yote hii. Wateja walimvumilia kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi. Chumba cha baridi kilichowatoa wenzake jasho kutwa nzima, yeye alikimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Dada yake mkubwa, aliyeolewa nchi nyingine na kusimamia ghala la maziwa huko, naye alikuwa hivyo hivyo. Wamebishana tangu utotoni, na safari hii walibishania chakula. Nchi ya nani, kuanzia shambani, kwenye malori, ghalani hadi jikoni, inachafua hewa zaidi kwa kila mtu anayekula?

"Nikishindwa," dada alisema kwenye simu, mama yao akisikia, "nitakuamkia shikamoo."

Lo! Miaka arobaini na moja Barafu amekuwa akimwamkia yeye. Aliitaka shikamoo hiyo, usiseme. Akazunguka maofisi mpaka akapata kijitabu cha takwimu. Kwao, kilo mia sita na arobaini za gesi za kuongeza joto kwa kila mtu kwa mwaka. Kwa kina dada, elfu moja na mia tisa! Akamtumia dada picha ya jedwali, kisha akampigia mama: Jumapili ukoo wote ukae sebuleni.

Angekifunga kijitabu hapo, yangekwisha. Lakini mdadisi hana breki. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kuumiza macho, uliandikwa kwamba gesi ya majokofu ya nchi yao haikuhesabiwa, maana hakuna aliyekuwa na takwimu zake.

Hakuna? Barafu alikuwa na daftari, na mle aliandika kila kilo aliyojaza. Tena aliijua vizuri siri ya wepesi wake, nayo ni siri ya mafundi wote wa mji ule: ukitaka kufungua mtambo, usihangaike kukusanya gesi iliyobaki. Legeza bomba, ipige mluzi, iende zake.

Akamfuata muuza gesi, akasomewa karatasi ya mtungi: kilo moja ya gesi hiyo huongeza joto kuliko kilo elfu moja za hewa ukaa. Barafu akajumlisha alizojaza mwaka uliopita. Kilo sitini na nne. Akarudia hesabu mara tatu, jasho likimtoka. Gesi iliyopita mikononi mwake ilizidi uchafu wa chakula cha watu mia moja! Akawauliza mafundi wenzake watano. Wote wakamcheka: "Kwani wewe huwa unaikusanya?"

Jumapili ikafika. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, ukoo umejipanga, shangazi yao kashika mbavu tayari.

"Haya, jedwali nimeliona," dada alisema. "Ahadi ni deni. Jamani, nishikeni nisianguke." Akakohoa. "Shika..."

"Ngoja kwanza!" Barafu alijichukia kwa kulisema. "Hesabu yetu ina pengo. Sijui nani kashinda. Mimi mwenyewe nimekuwa nikipuliza gesi hewani, na sote huku tunafanya hivyo."

Shangazi akaachia mbavu.

"Nyinyi huko mafundi wenu hufanyaje, dada?"

"Huivuta kwenye mtungi mtupu. Huchukua saa nzima, nasi tunawanung'unikia wee."

"Saa nzima!" Barafu alikuna kichwa. Wepesi wake wote uliomjengea jina ulikuwa ndani ya saa hiyo. Akaisogelea simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," dada alijibu, na safari hii hakumcheka. "Huo mtungi nikutumie wa kilo ngapi?"