Marquell Asiache Chuo Hata Muhula Mmoja

Orlena Tibbs amewapikia watoto wa shule hapa Alabama tangu ujana wake. Mumewe alipoitwa na Bwana, alibaki na Marquell, mtoto wake wa pekee, aliyejaliwa kichwa cha hesabu. Kwa ajili yake alitia sahihi mkopo wa serikali wanaopewa wazazi, mara mbili, bila kusita.

Kiangazi hiki ikaja sheria mpya: mzazi asikope kupita kiwango fulani. Ada ya chuo cha Marquell ilikuwa juu ya kiwango hicho. Kijana hakulalamika. Alisema atapumzika muhula mmoja, afanye kazi kiwanda cha kuku, kisha arudi. Hapa kwetu wengi hufanya hivyo, na si wote wanaorudi. Orlena aliomba, akalia, mwisho akakubali.

Ijumaa Marquell akaenda chuoni kujiondoa. Orlena alikuwa jikoni kanisani, anakaanga samaki wa kuuza ili kuchangia paa la kanisa, moyo ukamtuma apige simu ofisi ya mikopo ya chuo, aulize tu kama kijana atawekewa kitanda chake bwenini.

"Kwani anaondoka kwa nini, mama?" akauliza Bi Ledbetter wa ofisini.

"Sheria mpya, mwanangu. Siruhusiwi kukopa ada yote."

"Yuko mwaka wa ngapi?"

"Anaingia wa tatu."

"Na ulishamkopea kabla ya sheria hii?"

"Mara mbili."

"Basi wewe bado uko kwenye sheria ya zamani mpaka amalize, mradi asikatize masomo. Akitoka muhula huu, akirudi atakutana na hiyo mpya."

Mwiko ukamdondoka Orlena ndani ya mafuta. "Yesu wangu! Yuko hapo kwenu sasa hivi, amekuja kujitoa!"

"Yukoje?"

"Mrefu kama nguzo ya umeme, shati la kijani, anatembea kama aliyeamshwa kwa nguvu."

Simu ikalazwa mezani. Orlena akasikia mlango ukifunguliwa, Bi Ledbetter akimwita kijana mrefu kama nguzo, kisha watu wakicheka. Dada Vonceil, mwenzake wa jikoni, akazima jiko, akaja kumshika mkono.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Marquell. "Ndiyo umenitangaza ofisi nzima kuwa mimi nguzo?"

"Umetia sahihi?"

"Nimeshika kalamu."

"Iweke chini, baba. Iweke, kabla sijaja kuichukua mwenyewe."

"Na kazi kiwandani?"

"Hao kuku watachinjwa na wengine. Msikilize huyo dada."

Bi Ledbetter akamweleza taratibu, na Orlena akisikia kwa mbali. Marquell akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia. Hapo ndipo mama alipotambua kuwa mwanawe hakutaka kuacha chuo hata siku moja, alikuwa anamfichia tu.

Deni bado lipo, na Orlena atalilipa kidogo kidogo mpaka mvi zimjae. Lakini alikaa kwenye kiti cha jikoni, aproni imemjaa unga, akamshukuru Mungu kwa sauti, huku Vonceil akiwaambia wateja mlangoni wasubiri kidogo, Dada Tibbs anaongea na Baba yake.