Mgongo wa Baba Mkwe Kule Matema

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo siwezi kuitaja bila kusonya kwanza. Usicheke. Umesema unataka kuwapakia wakwe zako kwenye gari mwende bichi mwisho wa wiki. Basi kaa chini unisikilize.

Nilikuwa na miaka sita ya ndoa, tukiishi mji mdogo wa Mpemba. Mume wangu alikuwa amenunua pikapu kuukuu ya kubebea mahindi, nami nikamganda mwaka mzima: nipeleke Matema, nikalione Ziwa Nyasa, nioge kwenye hayo maji ambayo wenzangu wa sokoni wanayasifia. Hatimaye akakubali. Nikashona gauni jepesi la kuogea, nikakaanga kuku wawili. Alfajiri ya Jumamosi hiyo natoka na kapu langu, nani kakaa kiti cha mbele, kofia kichwani, fimbo mapajani? Baba mkwe.

Jamani! Sisi Wandali, kwa malezi ya wakati ule, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hali naye, wala hamsemeshi. Ukimwona njiani unachepuka. Sasa ndani ya pikapu utachepukia wapi? Nikapanda nyuma na binti yangu Tumaini, wa miaka mitano, juu ya godoro, kanga hadi puani. Mlowo nilipigwa na baridi, Tukuyu nikanyeshewa, na baada ya Kyela nikala vumbi hadi nikasahau rangi ya kanga yangu. Mume wangu, mtu wa kunyamaza kama gunia, hakueleza mzee amefuata nini. Mimi nami, kwa kununa, sikuuliza.

Tulifika usiku, tukalala nyumba ya wageni. Jumapili asubuhi nikasema leo ni leo. Nikavaa gauni langu, nikatoka nimemshika Tumaini mkono. Mzee alikuwa ameshaweka kigoda mchangani, hapo hapo mbele ya nyumba ya wageni, analitazama ziwa. Nikarudi upesi nyuma ya jiko. Saa tatu yupo. Saa tano yupo. Saa sita jua la utosi, mzee yupo! Mume wangu naye kajilaza chini ya pikapu, anakaza nati ambazo hazikulegea. Na mimi na gauni langu la kuogea nimeketi nyuma ya jiko la watu, moshi wa samaki unaniingia machoni. Ningetembea hatua mia mbili tu nikayapita mawe yaliyokuwa kando ya maji, ningekuwa na maji yangu peke yangu. Lakini mtu aliyenuna haoni ufuko, mwanangu. Anaona kigoda.

Nikamwita Tumaini. "Nenda kamwambie babu atoke pale. Mama hakuja huku kuoga moshi."

Mtoto akaenda, akayasema vile vile, hakupunguza neno. Mzee akainuka taratibu, akakigeuza kigoda, akaketi akiitazama milima, ziwa likabaki mgongoni mwake. Basi nikaoga. Nilioga mpaka saa nane, na sitakudanganya, nilifurahi kama mtoto. Chakula cha mzee kilikuwa kwenye kapu langu. Nilikikumbuka tulipokuwa tunapakia godoro.

Wakati wa kurudi tulisimama Tukuyu, mzee akashuka kununua ndizi. Hapo ndipo mume wangu akaona afungue kinywa.

"Mama alizaliwa Matema," akasema. "Baba alimwona mara ya kwanza akichota maji pale pale alipoweka kigoda. Tangu tumzike mama, baba hajawahi kurudi. Aliniomba nimlete apaage."

"Na wewe hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nilitamani kumpiga na kapu! Lakini hasira nyingine ilinigeukia mwenyewe, na hiyo haijaisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilihesabu kunguni wa kitanda changu tu.

Mzee aliporudi, nikamtuma Tumaini ampelekee kuku na kumwambia mama anaomba radhi. Alikuwa hatua tano kutoka nilipo, amenipa mgongo kama mila inavyotaka, anamenya ndizi. Nilimsikia vizuri.

"Mwambie mama yako ziwa lile ni refu," alisema. "Angetuma neno asubuhi, tungegawana."

Basi, hakuongeza. Mahindi ya msimu ule hayajakauka shambani, tukamzika. Ziwa hakuliona tena.

Silaumu mila, mwanangu, wala usinisikie vibaya. Mila ilinikataza kumtazama, haikunikataza kutuma neno la upole. Tulikuwa watu wazima watatu ndani ya gari moja, kila mmoja na safari yake moyoni, na aliyesema wazi ni mtoto wa miaka mitano, tena kwa maneno yangu mabaya. Kwa hiyo kabla hujawasha gari, muulize kila mmoja, hata yule anayekukera, hata yule asiyesemeshwa: wewe huko unafuata nini? Ukishajua, mpishe. Ufuko ni mrefu.

Nendeni salama, mrudi salama, na Mungu ampe kila mmoja wenu mahali pa kuweka kigoda chake. Mimi uso wa baba mkwe wangu sikuwahi kuujua. Nikimkumbuka, ninachokiona ni mgongo wake ufukweni, nami niko majini nacheka.