Pasi Mlangoni

Mlango wa chumba cha kushonea cha mama mkubwa haufungwi. Ameuzuia kwa pasi ya mkaa, nzito, ya zamani, na hata mvua ikilowesha vitambaa, hauguswi. Tena wanaume hawapimi mwilini. Anataka walete shati linalowakaa vizuri, apime hilo. Ofisa mmoja alijifanya mbishi, akavua koti na kunyoosha mikono apimwe. Alisubiri vilevile mpaka akachoka. Mtaani wanamwita Fundi Mlango-Wazi, naye hucheka nao.

Nyumbani tulijua tu kwamba aliacha chuo mwaka wa mwisho. Alikuwa akisomea kemia. Babu alisema masomo yalimshinda, na sisi watoto tukaamini. Tukifeli hesabu tuliambiwa, "Utaishia kwenye cherehani." Mwenyewe yupo palepale, anatupindia sare za shule! Nikikumbuka hilo, hasira hunipanda hadi leo.

Ukweli niliujua siku yaliponikuta na mimi. Msimamizi wa utafiti wangu aliniita ofisini Jumamosi nikachukue masahihisho. Alifunga mlango kwa ufunguo, akasema alama zangu zimo mikononi mwake, kisha akanishika. Nilimng'ata mkono, nikafungua, nikakimbia. Miguu haikunipeleka kwa mama. Ilinipeleka kwenye ule mlango ulio wazi.

Mama mkubwa aliona kifungo cha blauzi yangu kimeng'oka, asiulize neno. Alinipa gauni la mteja nijistiri, akakaa kukishona kile kifungo, lakini mikono ilimtetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye sindano.

"Sirudi tena chuo," nikamwambia. "Nifundishe cherehani."

"Cherehani haikimbii. Chuo utarudi."

"Kwani wewe ulirudi?"

Nilitamani niyameze maneno yangu. Yeye hakukasirika. Alinisimulia polepole: mhadhiri, ofisi, mlango uliofungwa. Hakufanikiwa kutoka kama mimi. Alipokuja nyumbani kusema, bibi alimuuliza swali moja tu: "Ulifuata nini ofisini kwa mwanamume?" Alikosa jibu, akanyamaza. Baadaye wakamwambia yaliyopita si ndwele. Lakini yake hayakupita, jamani. Yalikaa naye pale kwenye cherehani mwaka hadi mwaka, na kila mchumba aliyekuja yalimfukuza.

Jumatatu tulikwenda wote chuoni kushtaki. Hakuwa amekanyaga pale tangu alipoondoka. Langoni alisimama, akashika ukuta.

"Mama mkubwa, turudi."

"Nyamaza, mwanangu. Tembea."

Begani alikuwa na mkoba uliomlemea upande mmoja. Nilidhani amebeba maji.

Tulipoingizwa kwenye chumba cha kamati, katibu aliinuka kwenda kufunga mlango. Mama mkubwa akamtangulia. Alitoa ile pasi mkobani, akaitua kizingitini kwa kishindo.

"Mama, haya ni mambo ya siri," katibu akasema.

"Siri ya nani?"

Katibu akarudi kitini. Mama mkubwa alikuja kuketi nyuma yangu, na mlango ukabaki wazi, wapita njia wakichungulia. Mwenyekiti alikohoa, akanitazama juu ya miwani. Sura yake haikuwa ya mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Haya, binti. Siku ya Jumamosi, watu hawapo kazini. Ulifuata nini ofisini kwa mhadhiri?"

Nilijua swali lile lilimfikisha wapi mtu aliyekosa kulijibu. Nilianza kuinamisha kichwa, nikijiuliza kweli nilifuata nini, kana kwamba kosa ni langu. Ndipo nikasikia kiti cha nyuma kikisogea. Mama mkubwa alikuwa amesimama. Hakupaza sauti.

"Masomo," alisema. "Alifuata masomo."

Akaniwekea mkono begani, na safari hii haukutetemeka.

"Na mimi pia nilifuata masomo."