Nikikosea Mimi, Hupigwa Mwenzangu

(Jina la msichana huyu tunalo. Ameomba tulifiche, nasi tumelificha pamoja na la skuli yake.)

Mikindani, Jumapili, Septemba 1962

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu,

Leo nimeapa kusema yote, hata yanayonitia haya, kwa sababu nikificha kitu nanyi mtanishauri vibaya.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu. Mwaka huu skuli yetu imeanza kufundisha ufundi wa magari katika banda la nyuma ya uwanja. Katika wasichana, niliyeomba ni mimi peke yangu. Baba alikataa, kisha akakubali kwa sharti moja, akaenda mwenyewe kumwambia mwalimu: "Binti yangu asiguswe, hata kwa adhabu." Mwalimu akamjibu, "Wallahi, mzee, sitamgusa."

Na kweli hajanigusa. Lakini mwalimu yule hufundisha kwa kupiga. Hulala chini ya gari, hutoa mkono nje na kuitisha spana. Ukimpa isiyo yenyewe, hukupiga nayo magotini. Mara ya kwanza nilipokosea alitoka, akanitazama, halafu akampiga mvulana aliyesimama kando yangu. "Mimi nimeahidi," akasema. "Adhabu yako ataibeba mwenzako."

Ikawa ndiyo sheria. Wavulana wakawa wananikwepa. Kila tukiingia bandani wanacheka: "Bwana harusi wa leo nani? Mahari ni magoti mawili!" Mbwana peke yake, kijana wa Mtongwe, ndiye aliyekuwa akija kusimama nami. Aliniambia, "Kosea tu, dada. Magoti haya nimeazima." Kwa ajili yake nilijifunza spana zote kwa kuzishika tu bila kutazama, na kwa muda mrefu sikukosea tena.

Jumanne iliyopita liliingia gari la Kifaransa. Sisi tumezoea magari ya Kiingereza, ambayo nati zake hupimwa kwa inchi. Za Kifaransa hupimwa kwa milimita, na spana zake hukaa sanduku jingine. Mwalimu akalala chini, akatoa mkono kwa mazoea yake: "Nusu inchi!"

"Mwalimu, hili ni la Kifaransa," nikasema.

"Nimetaka nusu! Wanifundisha kazi?"

Nikampa. Spana ilipwaya, ikateleza, na vidole vyake vikajigonga kwenye chuma vikachanika.

Alitoka akivuja damu. Akamshika Mbwana mkono wa kulia, akaulaza juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, akapiga kwa spana ile ile. Nikapiga kelele, "Mwalimu, ni wewe uliyeitaka!" Akapiga tena, na macho yake yalikuwa kwangu. "Sema tena," akaniambia. Nikasema tena, nikidhani ukweli utamzuia. Akapiga tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila neno langu linaangukia vidole vya Mbwana. Nikanyamaza, lakini mfupa ulikuwa umeshavunjika, niliusikia. Mbwana alipoanguka, mwalimu alimpiga teke la mbavu. "Inuka! Mwanamume halii." Kisha akanawa mikono kwa petroli, akatugeukia. "Ameshikwa na feni ya injini. Mmeona?"

"Tumeona, mwalimu," wavulana wakajibu.

Sasa kila mtu anasema feni. Mtihani uko karibu, na gereji za mjini zimeahidi kuwachukua watakaopita. Kiongozi wa darasa alinifuata nje: "Wewe ukifeli utaolewa. Sisi tukifeli tutabeba magunia bandarini. Funga mdomo." Nilikwenda hospitali kumwona Mbwana. Daktari amesema vidole viwili havitakunjika tena. Mamake akaniuliza, "Mwanangu, hiyo feni nani aliiwasha?" Mbwana akageukia ukutani. Mimi nikaondoka nikilia.

Nyumbani nilimweleza baba kila kitu. Akasema, "Mwalimu ametimiza ahadi yake kwangu. Mambo ya watoto wa watu waachie wenyewe."

Naipenda kazi hii, wasomaji. Uhuru unakuja, na nataka nami niwe katika watakaotengeneza magari ya nchi hii. Nikisema, banda litafungwa na wavulana watajua ni mimi. Nikiacha masomo, Mbwana atabaki na uongo wa feni maisha yake yote. Na juzi mwalimu ameshampanga mvulana mwingine, Salimu, kando yangu. Salimu hathubutu hata kunitazama.

Mwalimu mkuu yuko safarini. Akirudi mwisho wa mwezi atatuita mmoja mmoja kutuuliza habari ya mkono wa Mbwana. Nawasihi mnijibu kabla hajarudi: nikisimama mbele yake, nimtaje aliyeuvunja mkono wa Mbwana, au ningoje mtihani upite, huku Salimu amesimama kando yangu?