Kofia ya Mchungaji Yenye Mshikio wa Valizi

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, mkuu wangu alinivika sufuria kichwani. Aliizungusha kushoto, akaizungusha kulia, akaigonga juu kwa kijiko, kisha akasema, "Papa Simeoni, kichwa yako ni numero mbili." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ufundi wa kofia, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwezi wa kumi wa mwaka 1995, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshona leo kwa mashine za umeme na kununua kofia zilizokunjwa ndani ya plastiki. Huko Bukavu nilikuwa mwalimu wa dini. Nilijua kufafanua nyaraka za mitume, lakini sindano nilikuwa naiona tu mkononi mwa mke wangu. Dzaleka walimu wa dini tulikuwa wengi kuliko wanafunzi, basi nikamshukuru Mungu aliponifungulia mlango wa karakana, ingawa mlango wenyewe ulikuwa gunia.

Mkuu wa karakana alikuwa mama wa makamo kutoka Bukavu, aliyewahi kushonea mabibi harusi kofia na shela. Sote tulimwita Mama Shefu. Sufuria zake tatu ndizo zilizokuwa kalibu, yaani umbo la kuvutia kitambaa ili kofia ipate kichwa. Namba moja ilikuwa ya wanawake wenye vichwa vidogo, namba tatu ya wazee na ya wenye nywele nyingi. Namba mbili ilikuwa pia sufuria yetu ya maharage, kwa hiyo kuanzia saa tano hadi saa nane hakuna mtu wa kichwa cha wastani aliyeweza kupata kofia.

Kazi ilikwenda hivi. Kitambaa kilikuwa magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia, kikafunikwa kwa kipande cha chitenje, yaani kitenge cha Kimalawi, kwa ajili ya uzuri. Kilichovywa katika wanga wa muhogo, kikavutwa juu ya kalibu na kuanikwa hadi kikauke na kuwa kigumu. Ukingo, ile sehemu inayotoka nje kukinga uso, ulikatwa peke yake. Mama Shefu aliupima kwa vidole vinne vya mkono wake, na ole wako uupime kwa vyako. Chini ya ukingo tulishona bitana ya kijani, kwa sababu ardhi ya Dzaleka ni nyekundu na inarudisha mwanga machoni kama sahani. Kijani hupumzisha jicho. Ndani tuliweka utepe wa jasho, na nyuma kitambaa cha kufunika shingo, kilichokunjwa mikunjo midogo kama sketi.

Niliuliza siku moja mikunjo ile ilisaidia nini, maana jua halijali mikunjo. Mama Shefu hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mutu hatavaa afya," alisema. "Atavaa urembo. Afya tunaificha ndani."

Kofia yangu ya kwanza niliyoibuni mwenyewe niliikata kutoka turubai la plastiki. Niliona nimewazidi wote kwa akili: haiingizi jua, haiingizi vumbi. Nilimpa Shemasi Elia, mtu mwembamba aliyekuwa akifyatua matofali kutwa. Saa saba alirudi akiwa ameishika mbali na mwili wake kama mtu aliyekamata panya, kichwa kinatoa mvuke. Akanieleza kwa upole kwamba alikuwa akisikia mawazo yake yakichemka. Mama Shefu alinifundisha siku hiyo matundu ya hewa, mawili kila upande, yaliyozungushiwa uzi yasichanike. Kofia bila matundu, alisema, ni sufuria yenye kifuniko, na sufuria tunazo.

Sasa niwaeleze habari ya Mchungaji.

Kanisa letu wakati ule lilikuwa kuta za matofali mabichi zilizofika kiunoni, na juu yake mbingu. Wanawake walikaa na kofia zao na vitambaa vyao, wakapendeza. Wanaume tulikaa vichwa wazi, kwa sababu tulifundishwa kwamba mwanaume haombi akiwa amefunika kichwa, na aliyetufundisha kwa ukali zaidi alikuwa Mchungaji Barnaba mwenyewe. Alikuwa Mrundi mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kufika hadi kisimani. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Alihubiri saa mbili, wakati mwingine saa tatu, akitembea huku na huku mbele yetu, na jua la mwezi wa kumi likimfuata.

Juu ya utosi wake palitoka kidonda. Kwanza kilikuwa kama punje ya mtama, kisha kama kifungo cha shati. Kilipona kikarudi, kikapona tena kikarudi. Tuliposafiri naye Lilongwe kwenda hospitali ya misheni ya Likuni, muuguzi wa ngozi na macho, bwana wa Kimalawi mwenye maneno machache, alikitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Akasema ngozi ile imeungua mara nyingi mno. Ikiungua tena msimu huu, kidonda kinaweza kugeuka kuwa kibaya, na hapo itakuwa habari ya kukata. Afunike kichwa, au asisimame juani.

Mchungaji alishukuru kwa Kichewa, akasema zikomo mara mbili, na tulipofika nje akatuambia hatafanya lolote kati ya hayo. Asingeweza kufunika kichwa madhabahuni baada ya kuwavua wanaume wengine kofia kwa miaka thelathini. Na asiposimama kuhubiri, aliuliza, ataamka Jumapili kwa ajili ya nini? Mke wake alikuwa amebaki kaburini njiani tulikotoka. Watoto hakuwa nao. Alikuwa na sisi tu, na saa zile mbili.

Basi likawa jambo la karakana. Jumapili ya kwanza tulimpa Shemasi Elia mwamvuli amkinge. Hoja yetu ilikuwa kwamba mwamvuli haugusi kichwa, kwa hiyo si vazi. Mchungaji alikubali, lakini hakuacha kutembea, na Elia ikambidi atembee naye, akikata kona naye, akirudi naye, kama watu wawili wanaotafuta ufunguo uliopotea. Ndipo ukaja upepo wa Dzaleka. Mwamvuli uligeuka nje ndani na kumvuta shemasi hadi upande wa kwaya, akapokelewa na waimbaji wa sauti ya pili. Mchungaji hakukatisha sentensi.

Jumapili iliyofuata Mama Shefu alileta miwani nyeusi kutoka soko la Area 23 huko Lilongwe, maana macho ya Mchungaji nayo yalikuwa yakitoka machozi kwa mwanga, na watu walidhani anaguswa na mahubiri yake mwenyewe. Alipoivaa alipendeza kweli. Lakini kabla ya wimbo wa pili, mama mmoja wa mstari wa mbele alikusanya watoto wake akaondoka kimyakimya, wakafuata wengine. Tulikotoka, kwenye vizuizi vya barabarani, mtu wa miwani nyeusi aliyeshika kitabu na kukutazama bila wewe kuona macho yake hakuwa amekuja kukuokoa. Mchungaji alielewa haraka. Aliivua, akaitia mfukoni, akawaomba watu radhi.

Kidonda sasa kilikuwa na ukubwa wa kizibo cha soda. Niliona kwa sababu nilikaa nyuma yake pamoja na wazee wa kanisa wakati wa sala. Wiki ile sikuwa na usingizi mzuri.

Jumatano Mama Shefu alimwita Mchungaji karakanani, akamkalisha juu ya kreti, akamvika sufuria namba tatu kupima. Akiwa bado amevaa sufuria, akamuuliza.

"Mchungaji, mi nauliza kitu moja. Wakati unahubiri, unasemesha nani?"

"Nasema nanyi, kondoo wa Bwana."

"Na wakati unaomba?"

"Nasema na Mungu."

"Basi wakati unasema na sisi, vaa. Sisi hatuko Mungu."

Nilikuwa nimesoma dini miaka minne, na jambo hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Sufuria ilimteremkia Mchungaji taratibu hadi kwenye nyusi. Mwishowe akasema hoja ni nzuri, ila tatizo lake ni kwamba akihubiri maombi humjia ghafla, katikati ya neno, na mkono wa kulia umeshika Biblia. Atavuaje kofia kubwa ngumu kwa mkono mmoja bila kuvunja ukingo?

Mama Shefu alikwenda kwenye kona, akavuta valizi, lile sanduku la safari alilotoka nalo Bukavu, akachukua mkasi mkubwa na kukata mshikio wake. Nilimwambia, "Mama, valizi yako." Akasema, "Hii valizi imeshafika." Akanipa mshikio ule na sindano ya magunia, akaniambia niushone juu kabisa ya kichwa cha kofia, mishono kumi na miwili kila upande, na nisifikirie mambo mengine.

Hiyo ndiyo kazi niliyoishona kwa uangalifu kuliko zote maishani. Ukingo wa vidole vitano badala ya vinne, kitambaa cha shingo bila mikunjo kwa heshima ya huduma, matundu sita, bitana ya kijani. Ilikuwa nyeupe, na mshikio ulikuwa wa kahawia. Kwa mbali ilifanana na bakuli la mboga lenye kifuniko.

Jumapili Mchungaji alipanda mbele ameivaa, watu wakashikana mikono. Alieleza kwa maneno mafupi tofauti ya kuhubiri na kuomba, akamtaja Mama Shefu kuwa ndiye aliyemwelewesha, jambo ambalo wachungaji wachache wangefanya. Kisha akahubiri. Kila maombi yalipomjia, mkono wa kushoto uliruka juu, ukashika mshikio, kofia ikapaa. Amina, ikashuka. Ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota.

Kufikia Jumapili ya tatu, watu walikuwa wamezoea kiasi kwamba hawakungoja tena kusikia neno "tuombe." Mshikio ukipanda, macho yanafumbwa. Siku hiyo Mchungaji alikuwa anasimulia habari ya Yona, amefika kwenye tumbo la samaki, na kidonda kilichoanza kukauka kikamwasha. Akabana Biblia kwapani, akainua kofia ajikune. Kanisa zima likasimama, vichwa vikainama.

Mimi niliyekuwa nyuma yake niliona kidole chake kimesimama hewani karibu na utosi. Aliwatazama watu mia kadhaa waliofumba macho wakimngoja. Angeweza kuwaambia wakae. Badala yake aliteremsha kidole, akaomba mvua, kwa ufupi na kwa unyenyekevu mkubwa. Mvua ilinyesha Alhamisi. Sisemi kitu, mimi ni fundi kofia.

Baada ya Krismasi tulirudi Likuni. Muuguzi aligusa utosi kwa kidole gumba, akabonyeza kando, akasema pamefunga na ngozi mpya imeshika. Kisha akachukua kofia, akaivaa mwenyewe, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Akaniuliza kama naweza kumshonea nyingine kwa ajili ya wagonjwa wake wenye ualbino, ambao jua linawaonea kuliko wote. Hivyo nikapata kituo changu cha pili cha kazi. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikipeleka kofia pale, za ukingo mpana na mikunjo mingi, maana nilikuwa nimeshajifunza kwamba msichana wa miaka kumi na minane hatavaa afya.

Kituo cha tatu kilikuwa Area 23, kwenye kibanda cha bosi mmoja wa Kimalawi mchangamfu aliyeniita achimwene, yaani kaka, ingawa nilimzidi miaka kumi na mitano. Aliona kofia za mshikio akazipenda papo hapo. Nilimweleza kwamba mshikio ni wa kuomba. Akaniambia nisiwachoshe wateja, niwaambie ni wa kutundikia msumarini. Waendesha kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, walizinunua, wakazitundika kwenye usukani wakipumzika. Sikubishana naye. Nilifikiri, kama mtu amekingwa na jua, Mungu anajua mshikio ulianzia wapi.

Nimestaafu sasa. Vidole havishiki tena uzi, na ninyi mnanicheka nikivaa kofia hadi barazani. Chekeni, lakini funikeni shingo, tafuteni kivuli kati ya saa nne na saa tisa, na msimnunulie mzee miwani nyeusi kabla ya kumuuliza alitoka wapi. Na kitu chochote cha kumkinga mtu kifanyeni kizuri, la sivyo atakiacha nyumbani.

Mchungaji Barnaba alihubiri miaka mingi zaidi. Alifariki katika msimu wa baridi, usingizini, kwa uzee tu. Wazee wanne tuliitwa kumwosha, na mimi nikapewa kichwa. Nilipomaliza uso nilimwinua kidogo, nikasogea karibu na dirisha kwenye mwanga, nikapitisha kidole gumba juu ya utosi wake polepole, mbele na nyuma, kama anavyofanya fundi kabla ya kukabidhi kazi. Shemasi Elia aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti kitu. Ngozi ilikuwa laini pote.